Neno la Mama Mkwe Mlangoni

Odette mke wangu mpenzi,

Nakusalimu sana, wewe na mtoto wetu Kabwe. Homa yake imepoa? Na mgongo wako je? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Ubelgiji haina huruma.

Barua yako imezunguka miezi mitatu, maana posta ya kwetu imekufa. Padri mmoja aliyekuja likizo ameniletea jana, nikaisoma nimesimama. Umeandika: "Kama hauandike mbele ya mvua, miye narudia kwa mama ku Kapolowe." Odette, nilikuandikia mara mbili, naona barua zote zilipotea. Umeniumiza, lakini sikulaumu.

Unauliza nafanya nini huku miaka miwili. Kumbuka siku mama yako alipokuja kwetu Kikula. Kwa desturi haingii nyumba niliyomo mimi mkwe wake, basi akasimama nje: "Ambia bwana yako, mutoto eko nalala mu mayi." Ukaja kuniambia kwamba paa linavuja, nikapanda juu ya paa hata chai sijamaliza. Mama hakuvuka kizingiti, na bati likazibwa.

Hicho ndicho ninachochunguza hapa maabara. Seli za mwili hutumiana habari kwa sitokini, protini ndogo za kupeleka ujumbe. Sitokini haiingii ndani ya seli. Inashika kipokezi mlangoni. Protini za upande wa ndani zinaamka, zinapokezana neno mpaka kwenye kiini, na huko jeni fulani inaanza kazi.

Kwa miezi mingi seli zangu zilionekana viziwi. Nazitia sitokini, naenda kula, nikirudi ni kimya. Mkubwa wangu akaniuliza naangalia baada ya muda gani. Kumbe neno linafika kwa dakika chache, kisha seli yenyewe inazima ishara, maana isipozimwa inaleta ugonjwa. Nilipoangalia mapema nikalikuta kwenye kiini. Na hata baada ya kimya, kazi iliyoagizwa ilikuwa inaendelea. Nilicheka peke yangu kama mjinga.

Basi usinihesabu kiziwi. Leo asubuhi nimeomba ruhusa, nimepewa, na tiketi ninayo. Mfanyabiashara mmoja wa kwetu Likasi anarudi kesho na barua hii. Mimi nafuata wiki mbili nyuma yake, kabla ya mvua. Nakupenda, na nimechoka kula peke yangu.

Msalimie dada yangu Georgine, na jirani anayekusaidia kuchota maji. Na mama akija kukuchukua, mpe kiti hapo nje, mpe na maji ya kunywa. Hataingia. Mimi nitakuwa ndani.

Mume wako,
Donatien