Taa Zisizoitikia Kila Mtu

Jumatano, 3 Agosti 2005
Nimefagia studio. Nimepangusa taa zote mbili, nimeshusha pazia la maporomoko ya maji na kutundika lile la bluu. Halafu nikaenda kuchukua picha zilizooshwa. Afadhali ningekaa. Kwaya ya Misikhu, karibu nusu ni giza. Kanzu nyeupe zimekuwa kama magunia ya makaa. Hii ni hafla ya tatu kuharibika. Hapa studio Kitale picha zinatoka safi. Nikienda tu kwenye shughuli za watu, giza. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Alhamisi, 4 Agosti
Barasa amekuja kutoka Bungoma. Ndugu ya marehemu mume wangu, mpiga picha pia. Tangu tumzike Simiyu wimbo wake ni mmoja: taa ni za ndugu yake, si kazi ya mwanamke, apewe yeye. Nimekataa mpaka nimechoka kukataa. Leo alikuja na albamu. Kwaya ile ile, siku ile ile, picha zake zinang'aa.

"Si ujionee mwenyewe, shemeji. Hizi taa zimekushinda. Usiaibishe jina la marehemu, bana."

Nilitaka kumrushia stuli. Badala yake nikaziangalia zile picha. Barasa ana flashi moja ndogo juu ya kamera. Flashi kama hiyo hukupiga usoni na kuacha kivuli cheusi ukutani. Lakini hizi zina nuru laini ya kushoto na ya kulia. Pale pale nilipokuwa nimesimamisha taa zangu.

Nikampa chai, akanywa, akaenda.

Jumapili, 7 Agosti
Senge Rosa amepiga simu kutoka Bumula. Ni shangazi ya Simiyu, na katika ukoo ule neno lake likitoka limetoka. Binti yake Nekesa anaolewa tarehe ishirini. Picha nipige mimi. Lakini Barasa ameshawazunguka wazee: zikiharibika tena, taa zinahamia kwake siku hiyo hiyo. Senge hakunificha. "Mama Nanjala, nimekutetea mpaka mdomo umekauka. Sasa jitetee."

Bila taa hakuna studio. Bila studio ni kurudi ukweni Bumula kula kwa hisani ya Barasa. Sirudi.

Jumanne, 9 Agosti
Mvua kubwa mchana. Taa nilikuwa nimeziwasha, namsubiri mteja aliyejikinga barazani. Radi ikamulika dirisha. Papo hapo taa zangu zote mbili zikatoa flashi. Zenyewe. Sikuwa nimegusa kamera.

Nilikaa chini nikacheka mpaka machozi.

Simiyu alitumia waya mrefu kutoka kwa kamera mpaka kwa taa. Kazi yangu miaka yote ilikuwa kuushika, watu wasijikwae. Alipokufa hakukuwa na wa kunishikia mimi. Nikanunua macho, vidude vidogo vya kubandika kwenye taa. Vikiona flashi ya kamera yangu, taa nazo zinawaka. Sikuwahi kujiuliza kama jicho linajua flashi ni ya nani. Halijui. Radi, linaiitikia. Barasa, linamwitikia.

Ndiyo maana kila hafla hunisimamia begani. Ndiyo maana nikihesabu moja, mbili, tatu, yeye hubonyeza kwenye mbili. Taa zinamwakia yeye. Nikifika tatu bado zinavuta pumzi, zinajaza umeme upya, nami napata giza. Ananiibia nuru mbele ya kadamnasi, kisha anakuja kunywa chai yangu na kusema zimenishinda. Mwizi. Naandika tena: mwizi.

Ijumaa, 12 Agosti
Eldoret na kurudi. Nimeuza baiskeli ya Simiyu, ambayo Barasa aliimezea mate pia. Nimenunua vidude vya redio, mitumba lakini vizima. Kimoja kinapanda juu ya kamera, vingine vinachomekwa kwenye taa. Vinatumia betri na vinasemezana vyenyewe kwa vyenyewe, bila waya. Flashi ya mtu mwingine havina habari nayo. Muuzaji aliniuliza mara mbili kama mume wangu ndiye amenituma. Ni vyangu, nikamwambia. Vyangu.

Jumapili, 14 Agosti
Baada ya kanisa nimevijaribu. Taa ndani ya studio, mimi ng'ambo ya barabara, mlangoni pa bucha. Nikabonyeza. Dirisha likawaka. Nikabonyeza tena. Mwenye bucha akaacha kisu, akidhani stima imeleta hitilafu. Macho nimeyabandua, nimeyafungia kwenye mkebe wa majani ya chai. Barasa aje tu.

Jumapili, 21 Agosti
Jana ilikuwa jana. Niandike yote.

Ukumbi wa kanisa, Bumula. Watu mpaka madirishani. Nikasimamisha taa, nikachomeka vidude nyuma yake. Barasa akaja na suti mpya akasimama begani mwangu kama kawaida yake. Nekesa na bwana arusi wakakaa sawa. Moja. Mbili. Flashi ya Barasa ikachomoka peke yake, unyonge mtupu. Taa kimya. Tatu. Ukumbi wote ukawaka, na ilikuwa ni mimi.

Akajaribu tena. Na tena. Watu wakaanza kumgeukia. Mwishowe akaiacha kamera ining'inie na kupaza sauti, ati nimezifanyia dawa taa za ndugu yake. Wazee walikuwa meza ya mbele, wanasikia. Nikamgeukia.

"Shemeji, si umesema ni zako? Bonyeza. Kama ni zako zitakuitikia."

Akabonyeza. Kimya. Akazisogelea akabonyeza tena, karibu azibusu. Kimya. Mimi nikatembea mpaka mlango wa nyuma, nikazipa taa mgongo, nikabonyeza. Zote mbili zikaitika. Akina mama wakapiga vigelegele kana kwamba bibi arusi ameingia upya.

Mzee mmoja akaniuliza ni dawa gani. Betri, nikamwambia, na ndio ukweli. Ningeweza kumweleza Barasa habari za jicho na radi. Sikutaka. Yeye alipokuwa akiniibia hakunieleza.

Senge Rosa alikuwa na paja la kuku mkononi. Akalitua kwenye sahani. "Basi. Taa zimemjua mwenyewe. Hiyo maneno iishe." Wazee wakarudi kwenye sahani zao.

Barasa hakungoja keki.

Alhamisi, 25 Agosti
Picha za harusi zimetoka. Safi, mwanzo hadi mwisho. Katika moja, pembeni, kimeingia kiwiko cha Barasa na mkono wa suti mpya. Nilishika mkasi nikikate. Nikakiacha. Senge anataka hiyo ndiyo ikuzwe iwekwe sebuleni.

Jumamosi, 27 Agosti
Mvua tangu asubuhi. Hakuna mteja.

Nimetafuta picha yangu moja iliyopigwa kwa taa hizi, niitundike ukutani. Hakuna. Ya Simiyu ipo. Za binti yangu Nanjala zipo tangu akiwa mchanga. Hata ya mwenye bucha na mke wake ipo. Mimi kila mara nilikuwa kando, nje ya picha, nimeshika waya.

Basi nimeiweka kamera kwenye stendi na kuitega ijibonyeze yenyewe. Nikakaa kwenye stuli mbele ya pazia la bluu. Sikubadilisha nguo, sikujipaka kitu. Mikono ndiyo iliyonisumbua. Haikuwa na cha kushika. Nikailaza magotini.

Taa zikawaka. Nadhani sikufumba macho.