Komeo la Nje

Jumatatu, 3 Machi 2014
Vyumba vitatu vimebaki kupigwa dari. Mgongo unauma. Wiki ya sita niko kwenye nyumba hii ya wazee, Gombani, huku kisiwani, na Tabora kwetu naiota kila siku. Msimamizi kaniambia niache dari, nifunge komeo kwenye mlango wa chumba cha mwisho. Kwa nje, kasema. Nikadhani kinageuzwa stoo. Skrubu nne. Kazi safi.

Jumanne, 4 Machi
Si stoo. Bi Mize, bibi wa chumba hicho, yumo ndani! Adhuhuri nimesikia bakora yake ya kutembelea inagonga mlango. Anataka maji ya kutawadha. Komeo nililopiga mimi. Nikamfungulia. Msimamizi akaja mbio, eti bibi huyu hupotea, juzi kakutwa njia ya Wesha anakwenda kwao. "We mbara, umekuja kupiga dari au kulea wazee?" Akafunga tena. Mtu mzima, kutwa nzima.

Alhamisi, 6 Machi
Kaja Bi Raya, mtetezi wa wazee, kutoka Unguja. Kazi yake kuwasikiliza na kuwasemea. Nikafurahi. Bure. Komeo limefunguliwa tangu asubuhi, pazia jipya limelificha. Msimamizi kamwandama kila chumba. Bi Raya anauliza, hali yako? Mzee anajibu, alhamdulillahi. Wote. Hata Bi Mize! Sikuamini masikio yangu. Lakini ukiulizwa hali mbele za watu, utajibu nini? Mama yangu angejibu vilevile. Bi Raya akaandika, akafunga daftari. Mimi juu ya ngazi, kimya. Niliogopa kufukuzwa. Najichukia.

Jumamosi, 8 Machi
Bi Raya kapita kuaga. Nimeshuka ngazi. Nimemwambia, usimwulize Bi Mize hali, mwulize jana alitawadha wapi. Na msimamizi asiwepo. Wamekaa wawili mpaka adhana ya alasiri. Bi Raya katoka macho mekundu, kalivuta pazia, kaligusa komeo. Nani kapiga hili? Nikasema, mimi.

Jumatatu, 10 Machi
Amri imekuja, komeo litoke. Nimefungua skrubu nne. Matundu nimeyaziba, lakini yanaonekana. Ndiyo kazi yangu ya mwisho hapa. Msimamizi kaniambia kesho nisije. Chumba kimoja cha dari atamalizia mwingine.
Bi Mize katoka na bakora yake kwenda mferejini, bombani. Nikamsalimu. Shikamoo bibi, hali yako?
Akasimama. Akafikiri.
"Miguu yaniuma. Na uji wa jana ulikuwa mbichi."
Akaenda kutawadha.