Begi Ambalo Akinyi Ataweza Kubeba Mwenyewe

Jumamosi. Mvua imeanza saa nane na hadi sasa inapiga mabati. Majani ya chai tuliyochuma asubuhi yaliwahi kupimwa, kwa hivyo hakuna anayenihitaji shambani. Nimechoka, lakini moyo umetulia kuliko miezi mingi iliyopita.

Leo nimesema ukweli.

Tangu nirudi hapa Kapkatet wiki jana, wasichana wananiandikia kuuliza: mtu akiamua kukaa mwaka mmoja kabla ya chuo, aende kujitolea na kuona nchi, apakie nini? Mitandaoni wanauita gap year. Mama yangu anauita mwaka wa kuzurura. Nilikuwa nimepanga kuandika orodha nzuri yenye nambari. Badala yake naandika yaliyotokea sebuleni kwetu.

Rafiki yangu Akinyi, tuliyesoma naye tangu darasa la kwanza, anaondoka Jumanne kwenda karibu na Lodwar. Ataangalia maktaba ya shule ya msingi ambako mimi nilijitolea kwa miezi saba. Mama yake hufanya kazi kiwanda cha chai, sehemu ya kupakia, na huyo mama anajua kubana vitu. Leo saa nne alifika kwetu na Akinyi, wakiburuta sanduku la magurudumu lililojaa hadi zipu inalia.

"Nimelileta ili Chelangat aliangalie," akamwambia Mama yangu, akininyooshea kidole.

Lakini nilimwona usoni. Hakuja kukaguliwa sanduku. Alikuja kutafuta sababu ya kumzuia mtoto wake.

Nikalifungua. Blanketi mbili nzito, za baridi ya huku kwetu, si za joto la Lodwar. Masweta manne. Flaski. Pasi. Omena, wale dagaa wakavu, ya kulisha kijiji. Viatu vya kanisani pea tatu. Na chini kabisa, kwenye bahasha ya kaki, cheti chake halisi cha kidato cha nne.

Niliitoa hiyo bahasha nikaiweka kando ya sanduku.

"Hiki kibaki nyumbani, Auntie," nikasema. "Abebe nakala tu."

Mama alikuwa kando akimenya viazi. Hakuinua hata macho. "Kwani wewe si ulibeba chako? Si kiko huko Lodwar kwa yule mwalimu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nimesema ndiyo mara nyingi, kwenye simu, tena kwa sauti ya furaha. Kudanganya ukishakuzoea hakuna kazi.

Nikasema, "Hapana, Mama. Kiliibiwa."

Kisu kikasimama.

Nikawaeleza yote. Siku ya kwanza ya safari, mchana kweupe, nilishuka Kitale kubadilisha gari. Begi langu lilikuwa zito hivi kwamba sikuweza kulibeba hatua ishirini. Jamaa mmoja mwenye jaketi ya kung'aa, kama ya watu wa steji, wale wanaopakia abiria, akalichukua akisema atanionyesha gari. Nikamshukuru! Niligeuka kuangalia nyuma kidogo tu, nilipotazama tena hakuwepo. Nguo, chaja, pedi, barua ya shule, cheti, vyote vikaenda naye.

Nilibaki na simu mkononi, na kitambulisho na nauli mfukoni. Nililia pale kando ya barabara hadi mama mmoja muuza chai akanikalisha kwenye benchi lake. Alinipeleka mwenyewe kituo cha polisi, askari mwanamke akaandika ripoti, nikapewa karatasi. Kisha nikampigia yule mwalimu aliyekuwa ananisubiri huko Lodwar. Akasema, "Njoo hivyo hivyo ulivyo."

Nikaenda. Miezi saba niliishi na gauni nililovaa, jingine nililopewa huko, na leso moja. Hiyo leso ilikuwa taulo, shuka, pazia na sketi ya kwenda kanisani. Na sikukosa kitu, isipokuwa pedi, kwa sababu duka lililokuwa karibu huwa linakaa wiki bila hata moja. Akinyi, beba za miezi miwili. Hizo ndizo zina haki ya kuchukua nafasi.

Jioni ile ya kwanza Mama alipopiga simu, nilimwambia nimefika salama na mizigo yote iko sawa.

Mama Akinyi ndiye aliyeongea kwanza, na polepole.

"Ulipoibiwa, kwa nini hukurudi nyumbani?"

Sikuwa nimejiuliza hivyo kamwe. Nikamjibu lililonijia: "Niliogopa kurudi kuliko kuendelea, Auntie. Halafu nikaona naweza. Watoto walikuwa wananingojea niwasomee, hawakujali nimevaa gauni lile lile."

Mama aliinuka akatoka nje. Nilimwona kupitia dirisha, amesimama kwa ndama bila kumfanyia chochote. Hizo dakika zilikuwa ndefu.

Aliporudi, macho yalikuwa mekundu. "Miezi saba nimekuwa nikiwaambia watu mtoto wangu haniachi gizani," akasema. "Hasira yangu bado iko. Itakaa. Lakini Jumatatu tunaenda shuleni kwenu na hiyo karatasi ya polisi kutafuta cheti kingine, tuanze na mwalimu mkuu. Chuo hakitakusubiri."

Tunaenda. Amesema tunaenda, si nenda.

Mama Akinyi naye alikuwa amepiga magoti, anatoa blanketi moja baada ya nyingine. Akaniuliza mtoto abebe uzito gani. Nikamwambia hakuna haja ya mizani. Apande nao kutoka mtoni hadi barabarani, kile kilima chetu cha chai, bila kupumzika na bila kusaidiwa. Akipumzika, kitu kinatoka.

Akinyi alijaribu kwanza na sanduku. Magurudumu yalijaa matope kabla ya mistari mitatu ya chai. Tukacheka, hata Mama akacheka kidogo. Akarudia na begi langu la zamani la shule, la mgongoni: magauni matatu, sketi ndefu, sweta moja, leso, pedi, neti ya mbu, tochi, kufuli ndogo, na karatasi yenye nambari zetu zote endapo simu itapotea. Alifika barabarani anahema, mikono kiunoni, anatutazama kutoka juu kama mtu aliyenunua hicho kilima.

"Basi aende," mama yake akasema. Kisha akaongeza, "Na omena?"

Omena kidogo imeruhusiwa.

Baba bado hajui. Yuko Sigowet kwenye matanga na anarudi kesho. Mama amesema hatamwambia, hiyo ni kazi yangu. Sawa. Kesho tukitoka kanisani nitatembea naye njia ile ndefu ya kupitia kiwandani, na tukifika nyumbani atakuwa amesikia yote kutoka kinywani mwangu.