Trela Tupu Halisafiri

Etobicoke, Jumamosi, Juni 2011

Salimu mwanangu, digrii mbili zote hizo na hujui kuuliza uzito!

Leo kidogo anunue trela la kulala kambini, la vitanda vinane. Gari letu mwisho wake kuvuta kilo elfu moja na mia tano, na muuzaji anasema trela lina elfu moja na mia nne. Salimu anachekelea. Nikamwambia, "Muulize, hizo kilo ni za tupu au za mzigo?" Mimi mke wa dereva wa lori, mizani ya barabarani imetulaza njiani mara ngapi!

Muuzaji akakohoa. Tupu. Bila maji, bila gesi, bila sufuria zangu, bila…

La pili jepesi, lakini vitanda sita, na sisi tuko saba. Nikajua sasa watasema mimi Bibi nibaki.

Ndipo mjukuu wangu Zuhura akaliona la turubai. Vitanda vyake vinavutwa nje kama droo, tunaenea wote, na hata likijaa gari linaliweza. Nikapanda kitandani nikarukaruka. Zuhura akapiga kelele, "Bibi, stop!" Nikacheka mpaka mtandio ukanivuka.

Salimu, Jumatatu kalichukue. Kanga yangu nimeiacha makusudi kwenye kitanda cha dirishani. Asiiondoe mtu.