Mfupa Shingoni mwa Ekidor

Nawoitorong, Lodwar
Jumapili, tukitoka kanisani

Mama yangu,

Ejok, Mama. Mguu umepoa? Ule uliochomwa na mwiba kabla hatujaondoka. Nauulizia kwanza kwa sababu najua wewe mwenyewe hutausema. Na mbuzi, bado wanapata kitu hapo Lopur au mmewasogeza tena? Sisi huku tunapumua. Ekidor hana homa, anakula, na amerefuka mpaka ile kaptula ya kijani imekuwa ya kuchekwa. Mimi pia nipo.

Barua hii nampa Hassan, dereva wa lori la unga, aiache dukani kwa Mama Halima hapo Kakuma, pale unapopeleka maziwa. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu ni ya shangazi, na shangazi akipiga anaweka sauti ya juu, ploti nzima inasikia. Niliyo nayo siwezi kuyasema hivyo. Unanijua. Hata chumvi ya kuomba kwa jirani nilikuwa namtuma huyu mdogo wangu Ekidor na kikombe, mtoto wa miaka minne asiyeongea, kwa sababu yeye angalau haoni haya. Kwa hiyo soma mwenyewe, polepole. Ukikwama kwa neno, liruke. Usimpe mtu akusomee.

La kwanza kabisa: ile fomu ya bluu shangazi aliyokutumia, usiisaini. Hata kidole usiweke. Kama umeshaweka, ikae kwako, Hassan asiirudishe. Shangazi alikuambia ni karatasi ya matibabu tu. Hakusoma, imeandikwa Kiingereza. Mimi nimesoma. Inasema Ekidor apelekwe shule ya bweni ya watoto wasioongea, huko kupita Kitale, akae huko muhula kwa muhula. Na imeandikwa hivyo kwa sababu yangu.

Mama, tangu Jumatano nina kinyaa. Siku hiyo tuliachiliwa mapema shuleni nikapita nasari kumchukua. Ni chumba kimoja cha mabati, watoto wanakaa kwenye mkeka. Ekidor alikuwa amesimamishwa nje peke yake, juani, na kifuani ananing'inia mfupa. Mfupa wa ng'ombe, ile sehemu ya goti, umefungwa kwa kamba ya katani. Umekuwa mweusi kwa jasho la shingo za watoto. Upande mmoja una alama za meno, kuna aliyeutafuna. Nzi walikuwa wanatua kwenye mfupa, wanaruka mdomoni mwake, wanarudi kwenye mfupa. Yeye ameshika mikono nyuma, ametulia tu, anafikiri amepewa kitu.

Huo mfupa naujua. Si huo wenyewe, ndugu yake. Sikuwahi kukuambia, lakini darasa la nne niliuvaa siku tatu. Ukisikika unaongea Kiturkana shuleni unavishwa, na unakaa nao mpaka umsikie mwenzako akikosea umvishe yeye. Mimi sikuweza kumshtaki mtu, hiyo nayo inataka mdomo. Nilikuja nao nyumbani chini ya sweta. Uliniuliza ni nini kinanuka, nikasema panya amekufa kwenye dawati. Tangu hapo ukiniita kwa lugha yetu mbele ya watu naitikia kwa Kiswahili. Nadhani ulishaona, ukaninyamazia.

Nikamuuliza mwalimu wa nasari, sauti ikatoka kama ya mbu, "Ticha, amefanya nini?"

"Ameongea kienyeji."

"Nani?"

"Si ni huyu wako."

"Ticha, huyu haongei."

"Leo ameongea. Ameshika jagi, 'kipi, kipi.' Hapa tunasema maji. Na si wewe mwenyewe uliniambia nisimruhusu kienyeji?"

Mama, siku mtoto wako alipoomba maji kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya watu, alivishwa mfupa. Maji yenyewe hakupewa. Na yule mwalimu, ninayemchukia mpaka sasa, hakunisingizia. Nilimwambia hivyo kweli, siku ya kumwandikisha, nikajiona msichana wa maana.

Nilimvua mfupa nikautia kwenye begi langu. "We msichana, rudisha hiyo, ni ya shule!" Watoto wakacheka. Nilimshika Ekidor mkono tukaondoka, nikampa maji kwenye bomba la kwanza tulilopita. Alikunywa mpaka akakohoa.

Sasa nikuambie ya kliniki. Daktari wa kuongea tunamwita Madam. Anatoka Eldoret, anakuja kila baada ya wiki mbili, Jumamosi. Siku ya kwanza kabisa aliniuliza, "Nyumbani mnaongea naye lugha gani?" Kwenye benchi walikuwa wamekaa wasichana wawili wa shule yetu, wale wenye viatu vyeupe. Nikasema Kiswahili, na Kiingereza kidogo. Madam akaandika. Niliona kalamu ikiandika uongo wangu nikaiacha iandike.

Ikawa miezi mitatu ya picha. "Ekidor, hii ni nini?" Tofaa. "Na hii?" Mwavuli. Mtoto anaangalia picha, anamwangalia Madam, anainamisha kichwa. Na hapa ndipo ninapojichukia zaidi. Siku moja ilikuja picha ya mbuzi. Ekidor akanigeukia akiwa amechangamka, akasema, "Kine!" Ilikosa mwanzo, lakini wewe ungeijua ukiwa umelala: akine. Nikamfunika mdomo na leso kana kwamba nampangusa kamasi. Madam akauliza, "Amesema kitu?" Nikamjibu, "Hapana Madam, ni kikohozi." Baada ya hapo hakunigeukia tena. Ndipo Madam akaandika ile fomu.

Huku kwenye ploti nako jirani wa shangazi ana wimbo wake: "Ulimi yake imefungwa. Kuna mzee hapa anakata hiyo uzi ya chini na wembe, dakika moja mumemaliza." Anayasema hayo akichokonoa meno. Shangazi ameanza kumsikiliza. Nilitaka kumtapikia viatuni. Madam alishamtazama chini ya ulimi akasema hakuna kilichofungwa, lakini nani anasikiliza. Na ukitazama, huyo jirani, mwalimu na mimi ni kitu kimoja. Yeye ana wembe, mwalimu ana mfupa, mimi nilikuwa na leso.

Jana ilikuwa zamu yetu ya kliniki. Nilipanga maneno njia nzima, tulipofika yakaisha yote. Nikafungua begi nikauweka mfupa mezani kwa Madam, juu ya karatasi zake.

Akarudisha kiti nyuma. "Hii ni nini?"

Nilikaa kama Ekidor. Lakini Madam hakunikatiza wala hakunisaidia, alikunja mikono akangoja, ndivyo anavyofanya na watoto. Alingoja mpaka nikaanza kulia, akaendelea kungoja. Ndipo yakatoka, ya mfupa, ya benchi, ya leso, yamechanganyikana.

Nilipomaliza aliutazama mfupa. Halafu, "Miezi mitatu, Akiru. Mimi sijui Kiturkana, lakini kliniki hii imejaa watu wanaokijua. Ningemwita hata mama wa kufagia. Wewe ulikuwa umekaa hapo hapo."

"Ndiyo, Madam."

"Usiniambie ndiyo Madam. Chukua picha. Muulize wewe."

Nikamuuliza kwa lugha ya nyumbani, mlango ukiwa wazi na benchi limejaa. Picha ya mbuzi, akanitazama kwanza, anautazama mkono wangu kama una leso. Nikaikalia mikono. "Kine," akasema, taratibu. Punda akamtaja. Maziwa akayataja. Maji, "kipi," halafu akatazama mfupa pale mezani, akashika kifua chake. Madam aliona. Akauchukua mfupa akauficha kwenye droo, akatazama dirishani kidogo.

Sitaki kukudanganya tena, Mama, kwa hiyo pokea yote. Madam anasema shida bado ipo. Ekidor anakata mwanzo wa maneno, na mtoto wa umri wake angekuwa na maneno mengi kuliko hayo, angekuwa ameanza kuyaunga. Lakini si mtoto wa fomu ya bluu. Atamwandikia nyingine abaki hapa, afundishwe kwa lugha anayoijua, ila anataka ushahidi, na mimi haniamini tena. Anakuamini wewe. Ukae na ata, mama yake baba, mkumbuke kila neno Ekidor alilokuwa akisema nyumbani, hata lile la kuita mbuzi, hata la kumfukuza mbwa. Uandike vile anavyolitamka yeye, lililokatika likae limekatika, na kando yake maana yake. Hassan anarudi Alhamisi, mpe yeye. Bila orodha hiyo, Madam hana cha kuweka mahali pa ile fomu.

Nasari hatarudi kwanza. Mke wa mchungaji atakaa naye asubuhi mpaka nipate pengine. Nilimwomba mimi mwenyewe, kwa mdomo.

Mfupa Madam alinirudishia tukiondoka, akasema niamue mimi. Niliuchoma jikoni kwenye makaa. Ulitoa moshi mzito wa mafuta, shangazi akaja amefunika pua, anauliza ni nini hicho kinachonuka. Safari hii nilimwambia, yote, hata ya fomu, na jirani alikuwa mlangoni na kijiti chake mdomoni akasikia.

Nisalimie ata, na mwambie Ekidor hajamsahau. Nisalimie mjomba Lokiru wa ngamia, na Mama Halima anayetutunzia barua. Nikifunga shule nitashukia hapo dukani kwake, siku ya soko, watu wakiwa wamejaa. Uniite kwa lugha yetu, Mama, kwa sauti. Nitaitikia.

Mwanao,
Akiru

Ekidor yuko hapa ananivuta sketi. Najua anachotaka, kikombe kiko karibu yangu. Nangoja aseme.