Kasuku Hawakutua Mwaka Huu

Nyumbani,
Nyuma ya duka la cherehani,
Jumapili, mwezi wa nane.

Mpendwa kaka,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia? Mimi nipo, mgongo tu unalalamika kwa kuinamia cherehani. Shemeji yako mzima, bado anachomelea mageti ya watu huku letu likifungwa kwa kamba.

Habari za mama si nzuri. Ule uvimbe wa tumboni umekua. Daktari alitaka kumpasua tangu mwezi wa tano, naye akagoma: mpaka kasuku warudi. Unajua mwenyewe kwa nini. Ulizoea kuja likizo makuyu yakiiva na kasuku wakitua kuyala, kwa hiyo kwake kasuku na wewe ni msafara mmoja.

Lakini mikuyu yote ya mtoni ilikatwa barabara ilipopanuliwa. Umebaki wetu peke yake, na kwa ukame huu umezaa vikuyu vya kuhesabu. Mwezi wa sita walikuja kasuku wawili, kama kawaida yao ya kutangulia kuonja. Walidonoa, wakatupa, wakaenda zao. Hapo nikajua tumekwisha.

Hata hivyo nilinunua mapapai, nikayafunga matawini kwa mabaki ya vitambaa. Usicheke. Waliokuja ni popo na kunguru, na mbuzi wa jirani akamaliza yaliyoanguka. Kasuku huufuata msimu wanaoujua wao, hawaitwi kama wateja.

Nilimsihi mama asiwangoje tena. Akanijibu, "Wewe mwanangu una haraka gani? Wakija, kaka yako atanishika mkono nikiingia huko kupasuliwa."

Juma lililopita daktari alinivuta kando. Alisema kupasua hakuna maana tena, tumpe dawa za maumivu tu. Nimelia mpaka nimechoka, kaka.

Jana asubuhi kundi zima lilipita juu kwa zile kelele zake, likaelekea milimani bila hata kuuzunguka mti. Mama aliwasikia akiwa kitandani. Akauliza, "Wametua?" Nikamwambia wametua.

Mama mdogo anakusalimu, na shemeji yako pia. Najua mwajiri wako amekunyima ruhusa, wala sikulaumu. Mungu akutunze, mkono wake usikuache.

Salamu za mama nimeziweka mwisho. Amenituma nitandike kitanda chako, na anasema ukifika usigonge, mlango wa uani hautafungwa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote.