Wifi Yusta, Benki Wamekataa Kununua Mkopo Wangu

Wifi yangu Yusta,

Huna haya. Mtu aliyepata mkopo hampigii simu aliyenyimwa akamchekea sikioni. Jumatano ile nimetoka benki pale Njombe mjini, nimekaa kwenye benchi la stendi na barua yao mkononi, bado naisoma silabi kwa silabi, simu inaita, ni wewe. "Wifi, wamenipa. Niliwaambia kila kitu, mpaka kuku niliwataja." Ukacheka kicheko chako hicho cha Makambako. Nikakwambia hongera. Hongera ile ilikuwa ya uongo na leo naifuta. Nilikuonea wivu, na bado nakuonea. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kusema.

Barua yao inasema sina uwezo wa marejesho. Mimi. Ninayeamka kukama ng'ombe wawili kabla jogoo wako hajajikuna. Benki ile ile, dawati lile lile, wiki moja, wewe umeonekana mtu na mimi nimeonekana mzigo.

Unajua deni lenyewe lilitoka wapi. Kaka yako, marehemu mume wangu, alipolala kitandani, nilichukua hati ya nyumba nikawapelekea wale wakopeshaji wa hapo kwenu Makambako, tukamtibu mpaka Mungu alipomchukua. Silijutii. Lakini riba yao inaota kama magugu ya masika. Kisha nikasikia kanisani kwamba benki inaweza kununua mkopo. Nilicheka, nikauliza ni nani huyo ananunua mkopo kama ananunua mbuzi. Wakanieleza: benki inawalipa wale, hati inahamia kwao, unalipa polepole kwa riba ndogo. Nikavaa kitenge cha Pasaka nikaenda.

Nikamkuta binti mmoja, mpole, kucha ndefu, ana kibao cha kioo anachokigusa kwa kidole. Akaniamkia vizuri. Akauliza, "Bibi, viazi mnavuna kiasi gani?"

Nikasema, "Kidogo."

"Na maziwa?"

"Ya watoto tu."

"Maparachichi je?"

"Tunajaribujaribu."

"Nimesikia mna miti ya mbao."

"Vijiti tu, mwanangu."

Yeye anagusa, anagusa. Halafu akauliza ni watu wangapi wananitegemea. Hapo, Yusta, nilikaa sawasawa kwenye kiti. Nikamtajia wote: wajukuu sita, mama yao, shangazi yangu asiyeona, yule mjane wa ng'ambo ya mto, wanakwaya wanaokula kwangu kila Jumapili, na mchungaji akipita. Nikamwambia hajawahi mtu kutoka kwangu na njaa. Nilijua sasa amenielewa mimi ni nani. Kumbe kila niliyemlisha anaandikwa upande wa kunipunguza. Aliponieleza siku ya barua, nilimuuliza kama kwao mtu anayekula peke yake ndiye mwema. Akasema, "Siyo hivyo bibi, mfumo ndio unakokotoa." Mfumo huo haujawahi kuja kula kwangu.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo wivu wangu ulipozaliwa, siyo benki. Mwaka niliofika kwenu nikiwa bibi harusi, alikuja mzee wa kanisa, mkamkaribisha ndani, moto unawaka, ukungu umekaa mlangoni kama mgeni wa pili. Baada ya salamu, kamwene nyingi, akaniuliza mimi, ili anichangamshe, "Mkwe, mmevuna?" Nikajibu kwa furaha, magunia thelathini. Mama yako akanifinya paja chini ya kitenge, nikakosa pumzi. Wewe ulikuwa binti wa miaka kumi na tano, umeegemea nguzo, ukadakia, "Thelathini ni ya huku mbele, nyuma bado hatujahesabu." Watu wote wakacheka. Baba yako akakupa kipande cha nyama kutoka kwenye sahani yake. Mimi jikoni nikaambiwa na mama yako, "Mwanamke aliyeolewa hapa akiulizwa mavuno anasema kidogo. Anayejisifia ametoka kusikojulikana."

Paja lilipona. Lakini mdomo ulifungwa siku ile, na wewe hakuna aliyekufunga wako. Ulikuwa mtoto wa nyumba. Ukitaja mali ya kwenu, unapendeza. Nikiitaja mimi, nimekuja kuila.

Na usidhani nimesahau kiwanja. Kaka yako alipopata kile kiwanja cha Makambako, barabarani, malori yanapita usiku na mchana, alikupa wewe. Mimi nikapewa mlima. Akasema, "Yusta hana mume wa kumsimamia." Bati za kwanza zilienda kwako, sisi tukalala msimu mzima wa mvua chini ya nyasi zinazovuja. Leo una fremu nne za maduka na wapangaji wenye mikataba yenye mihuri, na binti wa benki akiona mhuri anatabasamu. Ng'ombe wangu hana mhuri. Kiazi changu hakina sahihi. Nakuonea wivu kwa fremu, nakuonea wivu kwa barabara, nakuonea wivu hata kwa jinsi kaka yako alivyokuwa akitamka jina lako akitoka safari, kabla hajauliza chakula.

Nimesema. Sasa niseme na lingine, usije ukalia huko ukawaambia watu nimekutukana.

Ile miti ya mbao tuliipanda mimi na wewe, hata miaka kumi haijafika. Kaka yako alikuwa kazini, kwenye mashamba ya chai, akatuachia miche elfu na siku tatu za mvua. Ulivaa koti lake lililokufika magotini. Mimi nilichimba, wewe ukashindilia kwa kisigino. Mstari wako ulienda kombo tangu mche wa kumi, nikakugombeza, ukasema miti siyo wanafunzi, haina haja ya kupanga foleni. Nilikaa chini kwenye tope nikacheka mpaka nikashindwa kunyanyuka. Jioni nilikuosha miguu kwa maji ya moto kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi, ukasinzia umekaa.

Na hospitali ulikuja. Wengine walituma salamu. Wewe ulifunga biashara ukalala chini ya kitanda cha kaka yako kwenye boksi lililokunjuliwa, wiki tatu. Siku aliyoacha kula ulimlaghai uji kijiko kwa kijiko, ukimwambia kila kijiko ni cha kumkomesha mtu fulani anayemchukia. Akala. Mimi mke wake nilikuwa nimeshindwa. Hata hapo, Mungu anisamehe, nilikuonea wivu.

Basi hali ilivyo ni hii. Wakopeshaji wamenipa mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo wanakuja na kopo la rangi kuandika ukutani kwamba nyumba inauzwa. Mfanyabiashara mmoja wa mbao ameshapita mara mbili, anataka miti sasa hivi, wakati bado myembamba, aikate nguzo kwa bei ya kuni. Nilikaribia kumkubalia. Usiku nikawaza: nikiikata, nitakuwa nimelipa nyumba kwa kuwanyang'anya wajukuu, na ile siku yetu ya mvua itakuwa imeuzwa kwa bei ya kuni.

Nikarudi benki juzi. Nikamwambia yule binti kwamba majibu yangu yale hayakuwa uongo, yalikuwa adabu. Akaweka kibao chini, akaniangalia kwa mara ya kwanza. Akasema, "Bibi, kwetu Ludewa mama yangu naye ni hivyo hivyo." Akasema maombi yanaweza kurudiwa kama atakuja mwenyewe kuona shamba, kama kuna vitabu vya kituo cha maziwa, na kama kuna mdhamini mwenye kipato cha kuonekana. Vitabu ninavyo, vipo ndani ya boksi la Biblia. Mdhamini sina ila wewe. Nimezunguka nyumba siku mbili nikitafuta jina lingine, halipo.

Kukuomba siwezi. Unanijua. Nikijaribu, nitaishia kukugombeza, na ukinijibu kwa ule upole wako nitakasirika zaidi. Kwa hiyo nakuamuru, mimi niliyeolewa ukiwa hujui kusuka nywele zako mwenyewe.

Jumanne panda gari la saa kumi na mbili asubuhi. Lete kitambulisho na mikataba ya fremu zote nne, vaa viatu vya matope, siyo vile vya kisigino. Binti wa benki atafika saa tatu. Mimi nitampa chai tu, kisha ninyamaze. Wewe mchukue, umtembeze shamba lote, mlima mpaka mtoni, umtajie kila gunia, kila lita, kila mti, kwa sauti yako hiyo hiyo, asibakishe kitu bila kukiandika. Na ukiniona natoka jikoni kuja kukurekebisha, nifukuze.

Mimi wifi yako, mke wa kaka yako